Manatii anazama bila kupiga mkia, anatumia misuli gani? Na ule mdomo je?

DadaWaMikindani:

Habari zenu wakuu. Naishi Florida huku Marekani, maeneo ya mto St. Johns, na kipindi cha baridi manatii wanaingia kwa mamia pale Blue Spring kwa sababu maji ya ile chemchemi ni nyuzi 22 mwaka mzima, wakati mto wenyewe unashuka chini ya 20 na baridi hiyo wao hawaiwezi kabisa. Kwa ambao hamjawahi kumsikia, manatii ni ndugu wa nguva wetu wa pwani, mnene, mkia wake ni duara, sio wa panda kama wa nguva. Mkubwa anafika mita 3 na kilo 400 mpaka 550, na wapo wanaopita hapo mbali.

Sasa juzi nilikuwa nimesimama pale juu kwenye mbao za kuangalizia, maji ni maangavu unaona mpaka mchanga. Mmoja alikuwa ametulia juu, mgongo umechungulia kidogo, akavuta pumzi, matundu ya pua yakajifunga yenyewe, halafu akashuka. Wakuu, akashuka mwili umelala vilevile, mkia hajautikisa, mapezi ameyakunja kifuani. Akakaa chini kwenye mchanga kama dakika kumi hivi, akapanda juu vilevile alivyoshuka, akavuta pumzi, akarudi chini. Kiumbe cha nusu tani anapanda na kushuka bila kusukuma kitu chochote, inawezekanaje?

La pili, nje ya chemchemi pale pembeni ya mto nikamkuta mwingine anakula gugumaji. Mdomo wa juu umegawanyika mara mbili, na kila nusu inajikunja peke yake, inashika jani, inalivuta ndani, ile nusu nyingine inafuata. Nikabaki nashangaa maana sikuona jino hata moja mbele. Hivi mle ndani kuna mfupa au ni nyama tupu?

Mwenye kujua anatomia ya hawa wanyama naomba anieleze, misuli ipi inafanya nini. Miguu ya nyuma hawana, sasa nguvu ya kuogelea inatoka wapi?

VetMoro:

Dada umeona vitu ambavyo wengi wanapita tu wakapiga picha wakaondoka. Mimi ni daktari wa mifugo, anatomia nimeisomea kwa ng'ombe na mbuzi pale Morogoro, ila hii familia ya nguva nimeifuatilia miaka mingi kwa mapenzi, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo tuvumiliane.

Tuanze na kuzama, maana hapo ndipo penye maajabu. Mimi na wewe, ng'ombe, mbwa, wote kiwambo chetu, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kimekatiza mwili kwa upana, mbele mapafu na moyo, nyuma yake ini na utumbo. Kwa manatii kiwambo kimelala. Kinakwenda sambamba na uti wa mgongo kwa karibu urefu wote wa kiwiliwili, juu yake kuna mapafu marefu bapa yaliyolala chini ya mgongo, chini yake ndio matumbo yote. Halafu sio kimoja, ni viwili, cha kulia na cha kushoto, na kila kimoja kimejishika katikati kwenye vifupa vinavyotokeza chini ya pingili za mgongo, kwenye kidari hakifiki kabisa. Hii kitu waliieleza vizuri watafiti Rommel na Reynolds mwaka 2000, kwa manatii wa huko huko Florida uliko wewe.

Maelezo yao ni kwamba hiyo misuli ya kiwambo, ambayo ni minene na yenye nguvu, inabadilisha ujazo wa nafasi inayozunguka mapafu. Hewa ikibanwa inachukua nafasi ndogo, uzito wa mnyama uko palepale lakini maji anayoyasukuma pembeni yamepungua, basi anashuka. Ikiachiwa, hewa inatanuka, anapanda. Na wanadhani sio mapafu peke yake, kuna ule msuli wa tumbo unaozunguka kwa upana kuanzia ubavu mpaka ubavu, kwa manatii huo ni mzito mno, ukikaza pamoja na kiwambo unabana na gesi iliyomo kwenye utumbo mpana. Na gesi huyu hakosi, anakula majani tu, uchachushaji wote unafanyika nyuma kwenye utumbo mpana kama farasi, utumbo wote ukiunyoosha unapita mita 40 na chakula kinakaa humo karibu wiki nzima.

Ongeza na mifupa. Mbavu za manatii ni nzito na zimejaa, uwazi wa uboho hazina, kwa hiyo tayari ana uzito wa kumvuta chini na mapafu ya kumvuta juu, vimekaribia kulingana. Ndio maana mkazo mdogo tu wa msuli unatosha kumpeleka upande autakao. Na kwa vile viwambo ni viwili vinavyojitegemea, akitaka kuinama upande wa kulia au kunyanyua kichwa anaweza kufanya kwa kukaza sehemu na kulegeza sehemu. Ule utulivu uliouona ni kazi, misuli ilikuwa inafanya kazi wakati wote, ila iko ndani huwezi kuiona.

Kuogelea sasa. Nguvu yote iko mgongoni na mkiani. Juu ya pingili za mgongo kuna misuli mirefu inayotoka mbele huko mpaka mkiani, hii ndio inanyanyua mkia. Chini ya pingili za mkia kuna kundi lingine, hilo linaushusha, likisaidiwa na misuli ya tumbo na lile tabaka la msuli lililoko chini ya ngozi, ambalo kwa ng'ombe ndilo linalotikisa ngozi akitua nzi. Kwa manatii tabaka hilo ni nene ajabu. Daryl Domning ndiye aliyechambua msuli mmoja mmoja kwa manatii wa Amazon na kuchapisha mwaka 1978, na mwaka mmoja kabla alishaandika kuhusu misuli ya nguva. Kwa hiyo mkia unapiga juu na chini, haupigi kulia kushoto kama samaki, na wimbi linaanzia kiwiliwilini linarudi nyuma linaishia kwenye ule mkia duara. Kupanda na kushuka kote kunasukuma, sio upande mmoja tu. Pingili zinapita katikati ya mkia mpaka karibu na ncha, zile pembe za pembeni hazina mfupa, ni nyuzi ngumu tu.

Mwendo wake wa kawaida ni kilomita 3 mpaka 10 kwa saa, akishtuka anaweza kufika 25 ila kwa muda mfupi sana. Mwili wake unatumia nishati kidogo mno kwa ukubwa alionao, ndio maana hata baridi inamuua haraka.

Mapezi ya mbele yana kiwiko na kifundo vinavyokunjika vizuri, tofauti na nyangumi ambaye kiwiko chake kimekakamaa. Misuli ya bega na kifua inayatumia kupiga kona, kutembea chini kwenye mchanga, na kusogeza majani mdomoni. Shingo ni fupi, ina pingili 6 wakati karibu wanyonyeshaji wote tuna 7, hata twiga ana 7, kwa hiyo akitaka kuangalia pembeni anageuza mwili mzima na hapo mapezi ndio yanamsaidia.

Mdomo nitaurudia jioni, unahitaji posti yake.

DadaWaMikindani:

Daktari Mungu akubariki, nimesoma mara mbili na kesho nitaenda kuangalia upya. Kabla hujaendelea na mdomo naomba niulize hili limenikaa moyoni. Kuna mmoja nilimwona mwezi uliopita kwenye mto, ana makovu ya panga la boti mgongoni, mistari sambamba, na alikuwa anaelea ameinama upande mmoja. Anajaribu kushuka, anapiga mkia kwa nguvu zote, anafika nusu, anarudishwa juu. Watu wa wanyamapori walikuja kumchukua. Hiyo inahusiana na hivyo viwambo?

VetMoro:

Inahusiana moja kwa moja dada. Boti ikimgonga, ubavu unaweza kuvunjika, na ile mifupa pamoja na uzito wake wote ni ya kukatika, haina ule unyumbufu. Kipande kinachoma pafu, hewa inavuja inajaa kwenye nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua, na hiyo hewa hawezi tena kuitawala. Upande huo unakuwa boya. Ila kwa sababu kila pafu liko kwenye chumba chake na kiwambo chake, upande wa pili unaendelea kufanya kazi, anaishi, angekuwa na chumba kimoja angekufa palepale. Matokeo yake ndio hayo uliyoyaona, anaelea amelala ubavu, hawezi kushuka kwenye majani, anakufa njaa taratibu huku chakula kiko mita 2 chini yake. Kwenye vituo vya matibabu huko wanaitoa hewa kwa sindano, na wapo waliovalishwa yale mavazi ya wapiga mbizi yakiwekewa uzito na maboya ili akae sawa mpaka apone. Inaniuma sana hii, maana kupunguza mwendo wa boti kwenye maji ya kina kifupi kunaepusha mengi.

Sasa mdomo. Ulichokiona ni nyama tupu, hamna mfupa mle. Ni misuli iliyopangwa pande zote, mingine inakwenda kwa urefu, mingine kwa upana, mingine inazunguka, ikikaza huku inatokeza kule kwa sababu ujazo wake haubadiliki. Ulimi wako uko hivyo, mkonga wa tembo uko hivyo. Na tembo hapo sio mfano wa kubahatisha, ni ndugu, manatii na nguva wako karibu na tembo na pimbi kuliko nyangumi au sili.

Kwenye hiyo midomo kuna nywele ngumu, fupi, nene, zimekaa kwa makundi sita kila upande, manne mdomo wa juu na mawili wa chini. Zile kubwa kabisa ziko mdomo wa juu na mara nyingi huzioni, zimezama ndani ya nyama. Akifika kwenye jani msuli unakaza, nyama inabanwa, nywele zinachomoza nje zinatanuka, zinalikamata jani toka pande mbili, halafu zinarudi ndani nalo. Wakati huo taya la chini linashuka na nywele za mdomo wa chini zinapokea, zinasukuma nyuma kwenye kaakaa. Christopher Marshall na wenzake ndio walioupima huu mzunguko miaka ya 1990 na kuonyesha msuli upi unafanya nini. Ukimwacha nguva ndugu yake, mnyama mwingine anayetumia masharubu yake kushika, kwa maana ya kushika na kuvuta, kwa kweli simjui.

Na hizo nywele ni za kuhisi pia. Usoni ziko kama 2,000, kila moja na neva zake, kwa hiyo mdomo huohuo unapapasa, unachagua na kushika kwa wakati mmoja. Ukikuta fuvu la manatii angalia mbele ya jicho, tundu la kupitisha neva ya usoni ni kubwa mno.

Mbele kweli hana meno, ana sahani ngumu juu na chini inayoponda jani kwanza. Kutafuna kunafanywa na magego huko nyuma kwa misuli ya taya, ile ya shavuni na ya kichwani pembeni. Majani yana mchanga, magego yanalika, ndio maana mapya yanaota nyuma na kusogea mbele kidogo kidogo, kama milimeta 1 kwa mwezi, la mbele likiisha linadondoka linalofuata linashika nafasi yake, kama foleni ya daladala stendi. Hii inaendelea maisha yake yote.

JaKisumu_Dunga:

Hapo kwa gugumaji mmenishika. Sisi huku Ziwa Victoria hiyo kitu imetutesa tangu miaka ya tisini, Winam Gulf kuna wakati boti haziwezi toka, wavuvi wanakaa nyumbani na watoto hawana fees. Kama huyu mnyama ana mdomo kama huo na anakula hyo majani tena kwa furaha, mbona serikali zetu tatu haziwezi leta hata mia tano hivi tuwaachilie? Afrika si pia wako?

VetMoro:

Ndugu yangu hilo wazo lina historia. Guyana waliwaweka manatii kwenye mifereji ya Georgetown wasafishe majani, na kwenye mfereji mdogo inafanya kazi. Ila piga hesabu, manatii anakula asilimia 4 mpaka 9 ya uzito wake kwa siku, huyu wa kilo 450 ni kama kilo 18 mpaka 40. Gugumaji likipata joto na mbolea linajizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Na jike anazaa mtoto mmoja, anakaa naye mwaka mmoja au miwili akimnyonyesha kwapani nyuma ya pezi, ndipo afikirie mwingine. Mia tano wangekula kona moja ya ghuba.

Afrika wapo ndio, manatii wa Afrika yuko upande wa Atlantiki, kuanzia Senegali mpaka Angola, anaingia mito mikubwa kama Niger, na Kongo kule chini karibu na bahari. Ziwa Victoria hajawahi kuwepo. Ukimleta kwenye ziwa lililojaa nyavu za sangara utakuwa umemleta kufa, maana huyu lazima apande juu kuvuta pumzi. Kule kwao kwenyewe anawindwa mpaka anajificha, anatoka kula usiku. Lile gugu dawa yake kubwa ni kuzuia uchafu na mbolea zinazoingia ziwani, na wale mbawakavu wadogo walioletwa miaka ya tisini walisaidia kwa kiasi chake.

BinKilwa:

Assalaam aleikum wote. Mimi ni mtoto wa pwani, kwetu Kilwa, babu zangu wote wavuvi, nimesoma hapa kwa utulivu na nataka niongeze upande wa nguva kwa sababu watu wanafikiri ni mnyama yuleyule kabadilishwa mkia.

Nguva pua yake imeinama chini kabisa. Ukichukua fuvu mfupa wa mbele umepinda kama nyuzi 70, manatii wa Florida anaanzia kama 29 mpaka 52, na yule wa Afrika Magharibi aliyemtaja daktari ni kama 15 mpaka 40 tu kwa sababu yeye anakula majani ya juu ya maji na ya kingoni. Hii ndio tofauti kubwa kuliko mkia. Nguva hali kitu kinachoelea, chakula chake ni majani ya bahari yaliyoota chini, na hayakati, anayang'oa na mizizi. Ule uso wake mpana wa nyama anaugandamiza kwenye mchanga, anasogea mbele huku midomo inachimbua, anatifua mchanga na kuacha mfereji nyuma yake. Mkia wake wa panda na shina lake lililobanwa pembeni ni wa mnyama wa bahari ya wazi, anasafiri mbali, anapambana na mkondo, manatii mkia wake duara unafaa mito na maji yaliyotulia.

Na kama alivyosema daktari suala la kupanda kuvuta pumzi ndio linalotumaliza. Nguva anazama dakika chache tu, akinasa kwenye jarife anapiga mkia kwa nguvu zote, na kila anavyopiga nyavu zinazidi kumkaza mapezi, hewa inamuishia. Nimemwona mmoja aliyetolewa amekufa, pande zote mbili za mdomo zile nywele zimechomoza nje na mchanga umejaa kati yake, alikuwa katikati ya kula. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye daraja la hatari kubwa kabisa, wakubwa wanaoweza kuzaa hawafiki 250 pwani yote. Kundi kubwa liko Bazaruto kule Msumbiji, kwetu waliobaki wako kuanzia Rufiji, Mafia mpaka Kilwa, na Lamu mara mojamoja. Mvuvi anayeweka jarife juu ya majani usiku anajua anachofanya, na mimi hili naliongea wazi hata nyumbani.

DadaWaMikindani:

Kaka BinKilwa umenigusa, mimi nimekulia Mikindani na nguva nimemsikia kwa bibi tu, sijawahi kumwona, nimekuja kumwona ndugu yake huku ugenini. Huku nako sio salama kihivyo. Mwaka 2021 walikufa manatii 1,100 Florida, wengi kwa njaa upande wa Indian River Lagoon, majani ya bahari yalikufa kwa sababu maji yalichafuka mbolea na vinyesi mwani ukaziba mwanga. Msimu ule wa baridi wakaamua kuwalisha letasi, zaidi ya tani 90, watu wanawarushia majini. Picha zao zilikuwa zinaonyesha shingo imeingia ndani nyuma ya kichwa, ngozi imelegea mbavuni. Daktari, ule ulikuwa ni msuli umeisha au mafuta?

Na kaka, hiyo mifereji ya nguva mtu anaweza kuiona kwa macho?

VetMoro:

Vyote viwili dada, mafuta yanaanza, yakiisha mwili unakula msuli. Pale nyuma ya kichwa pakizama kwa manatii ndio dalili ya kwanza sisi watu wa mifugo tungeiangalia, kama tunavyoangalia nyonga ya ng'ombe. Na msuli wa mgongo ukipungua ndio mkia unakosa nguvu, anashindwa kuhamia maji ya joto au kwenye majani mengine, baridi inamkuta hapohapo. Letasi iliwashikilia hai, ila ni maji matupu ukilinganisha na majani ya bahari.

BinKilwa:

Inaonekana vizuri sana dada. Subiri maji ya kupwa ya bamvua, tembea kwenye majani kabla maji hayajaanza kujaa. Utakuta mstari umekwanguliwa, upana kuanzia kiganja mpaka shubiri, urefu mita moja mpaka kadhaa, mchanga mtupu katikati na majani yamesimama pande zote mbili, na haujanyooka sana, unapinda pinda. Nanga ya mtumbwi inaacha mkwaruzo wa kina sehemu moja halafu unapotea, wa nguva una kina kilekile, vidole viwili vitatu, mwanzo mpaka mwisho. Ukiukuta piga picha weka na mguu wako pembeni ipatikane vipimo, kumbuka na tarehe, halafu uwapelekee watu wa hifadhi ya bahari au BMU ya kijiji, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia pwani. Usiwaambie wenye jarife uliuona wapi.